Kuwashwa Ngozi na Hofu ya Saratani

Leo tunazungumza na wazazi wenye watoto wa ukurutu, pumu au aleji ya vumbi, ambao wana hofu moja: mwili wa namna hii si ndio unaoishia kupata saratani ya ngozi?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wapo waliodhani kwamba kinga ya mwili ya watu hawa, iliyo macho kila saa, ingeziwahi seli za saratani mapema. Wengine walihofia ngozi inayovimba na kukunwa kila siku. Majibu ya tafiti yamepingana, wala hayajathibitisha kwamba ukurutu wenyewe huleta saratani. Kwa hiyo mama, mtoto akijikuna usiku, mtibu ukurutu wake, na hofu ya saratani usiilaze naye kitandani.

Cha kuangalia ni dawa. Ukurutu mkali sana wakati mwingine hutibiwa kwa vidonge vinavyopunguza kinga, kama azathioprini na siklosporini. Vikitumika muda mrefu vinaweza kuongeza hatari ya saratani ya ngozi, ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kliniki. Usikose siku ya kurudi, wala usiache vidonge bila kumwuliza daktari.

Lakini kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, saratani hii mara nyingi hupita njia nyingine kabisa: donda ndugu mguuni, au kovu la moto lililofumuka tena baada ya miaka. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika habari za vidonda vya makovuni mwaka 1828. Hapa Uganda, madaktari wa miaka ya 1950 na 1960 waliijua vizuri saratani ya mguu iliyoanzia kwenye donda. Ni miaka ileile ambayo Dkt. Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, hapa hapa Arua, alikuwa akiwaandika kwa makini wagonjwa wake wa saratani.

Basi ukimfunga mzee kidonda chake kesho, usifunike haraka. Tazama ukingo. Je, umeinuka na kuwa mgumu? Nyama inachomoza? Kinatoka damu kwa kuguswa kidogo tu, na harufu imezidi? Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Arua, uombe kipande kidogo kikatwe kipimwe maabara. Ikithibitika kuwa ni saratani, anaweza kutumwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Kumpaka majani mwaka mzima kwanza ni kumpotezea mguu.

Na mwenye ualbino habari yake ni tofauti, kwake jua lenyewe ndilo adui. Avae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, shambani na hata uwanjani kwenye mpira. Akiwa na doa lenye magamba au kidonda kilichopitisha mwezi bila kupona, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.