Vijana Wetu na Kazi ya Nyundo



Katika Yubilei hii twaomba kusema neno juu ya vijana wa vigango vyetu vya Kibaha na Kisarawe, tunaowafundisha kufua shaba kila Jumamosi baada ya mafundisho ya Kipaimara. Wengine wameuliza, katekista na nyundo wapi na wapi? Twajibu kwamba wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani sala na kazi za mikono pamoja. Tena katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, twasoma habari za Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu apate kufua dhahabu, fedha na shaba.

Twaanza na bangili. Kijana hukata waya mnene wa shaba kwa kipimo cha mkono, huugonga juu ya fuawe hata uwe bapa, husugua ncha zake kwa tupa, kisha huukunja juu ya mti wa mviringo. Shaba ikigongwa sana hushupaa, na mwisho hupasuka. Basi huitia katika makaa mpaka iwe nyekundu kidogo, huitumbukiza majini, nayo hulainika tena. Weusi wa moto huondolewa kwa maji ya ndimu. Feleji sivyo: ukiitia motoni hata iwe nyekundu na kuizamisha majini, huwa ngumu, tena huvunjika upesi. Maji ni yale yale, madini mbali mbali. Ndivyo walivyo watoto wetu. Mzazi asiwaonye wote kwa namna moja.

Kazi hufanyika nje, chini ya mwembe, maana hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua. Risasi haturuhusu, kwa kuwa ni sumu. Wala mabati yenye zinki hatuyatii motoni, maana mvuke wake huleta homa.

Lakini hatari iliyotushinda haikuwa ya moto. Kijana mmoja alileta furushi la waya wa shaba, nasi tukafurahi, tusiulize neno. Zikafuliwa bangili kumi na mbili, zikauzwa baada ya Misa. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba waya ule uliibwa katika pampu ya maji ya kijiji, na akina mama walikuwa wakienda bondeni usiku kuchota maji. Mtoto aliiba, nasi tulipokea.

Tulikwenda naye pamoja na baba yake mbele ya wazee, tukakiri. Fedha za bangili, na nyingine za mifukoni mwetu, zikanunua waya mpya. Kijana mwenyewe akachimba mtaro wa kuufukia. Wengine walitaka afukuzwe. Tulikataa, kwa kuwa angekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wasiouliza lo lote. Leo yeye ndiye mtunza daftari letu: kila kipande cha shaba kinachoingia huandikwa kimetoka wapi, na nani amekitoa.

Basi, wazazi wapendwa, mwenye shaba kuukuu aliyoipata kwa haki atuletee. Na mtoto akirudi nyumbani na kitu kipya, muulizeni alikokipata kabla ya kumsifu. Sisi hatukuuliza.

Mungu awabariki nyote.