Mama Alale Wapi? Malazi ya Familia za Watoto Wagonjwa

Umeme unaowaka Kalemie, mji wa Kongo, unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, umbali wa kama kilomita 120 kaskazini mwa mji. Umeme hufika kwa kufumba na kufumbua. Mtoto mgonjwa hufuata njia hiyohiyo juu ya pikipiki, amebanwa kati ya dereva na mama yake, na mvua ikinyesha barabara inageuka tope. Wakifika hospitalini, mtoto hupewa kitanda. Mama hupewa jina tu: gardemalade.

Jina hilo lina kazi nzito. Katika hospitali nyingi za Kongo, gardemalade ndiye anayepika, anayefua, anayetafuta maji, anayekimbilia famasia na kukesha. Usiku hutandika kitenge sakafuni au barazani. Hayumo katika hesabu ya vitanda, lakini siku akiondoka, matibabu yamekwisha. Mhadhara huu unashikilia jambo moja: pa kulala mlezi ni sehemu ya dawa.

Ugonjwa mmoja unatosha kulionyesha hilo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi. Saratani hiyo, inayobeba jina lake hadi leo, hukua kwa kasi ya kutisha, nayo huitikia dawa kwa kasi ileile. Baada ya dozi za kwanza uvimbe hunywea, na mtoto anarudi kucheka.

Hapo ndipo penye hatari. Mama amewaacha wadogo kwa jirani, shamba limeota majani, pesa ya mbuzi aliyeuzwa imekwisha, na mbele ya macho yake mtoto amepona. Wanarudi kijijini. Dozi zilizobaki, ambazo zingeendelea kwa wiki kadhaa, hazitolewi. Uvimbe hurudi, na safari hii ni sugu. Wazazi wa namna hii huitwa wajinga, na si haki hata kidogo: barazani hapalaliki miezi mitatu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kukatiza matibabu ni moja ya sababu zinazotajwa.

Dar es Salaam, Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na Hospitali ya Taifa Muhimbili, limejibu kwa nyumba. Inaitwa Ujasiri. Mtoto aliyetoka mkoa wa mbali, asiyehitaji tena kulala wodini lakini bado anaendelea na dawa, hukaa humo na mzazi wake. Kampala nako, Bless a Child Foundation huwapokea wanaotibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzia palepale Mulago mwaka 1967.

Wenye mali walilipata somo hili kwa uchungu uleule. Fred Hill, mchezaji wa timu ya Philadelphia Eagles ya Marekani, alimuuguza bintiye mwenye lukemia akiwaona wazazi wenzake wakilala vitini; mwaka 1974, yeye na daktari Audrey Evans walisaidia kufungua katika mji wa Philadelphia nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, ambako familia za watoto wagonjwa hulala. Oxford, Uingereza, mwaka 1982, nyumba iitwayo Helen House ilianza kuwapokea watoto wenye maradhi yasiyopona, ili wazazi wao wapate siku chache za kupumua.

Kuwapa walezi pa kulala hakudai mashine wala wataalamu. Kalemie ina parokia, misikiti, vyama vya akina mama na wafanyabiashara wa bandarini. Mwenye chumba karibu na hospitali akitoe. Kinachohitajika ni mikeka, vyandarua, maji, jiko la makaa, kufuli la mlango, na mtu mmoja wa kuandika daftarini nani anatakiwa kurudi kwa dozi ipi na lini. Vyumba viwili vinatosha kuanzia.