MOTOKAA YA MAGURUDUMU MANNE AU YA MAGURUDUMU YA MBELE?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kamere, yamepigwa chapa hapa kwa ombi la tawi



Tulipotumwa sisi watatu kuchunguza habari ya motokaa, tuliambiwa tusilete majibu ya mkato, bali tueleze sababu zake ili kila mtu aamue mwenyewe. Jambo si dogo. Wanachama 11 wa hapa Kamere wametia sahihi fomu moja ya mkopo kwenye chama cha akiba, nao wamedhaminiana mishahara kwa miezi 48. Motokaa hiyo ni ya kuwapeleka zamu Naivasha na kuwarudisha, na ya kumkimbiza mgonjwa usiku wakati matatu zimekwisha lala. Sita wataka Subaru, watano wataka Probox. Mmoja akishindwa kulipa, wenzake watakatwa. Kwa hiyo hatukuja kusema habari ya gari lipi ni zuri kutazama.

Kwanza tueleze tofauti yenyewe, maana tumegundua kwamba wengi hubishana bila kuijua. Motokaa nyingi ndogo zitokazo Japani, kama Probox, Fielder, Vitz, Demio, Fit na Note, nyingi zao huvutwa na magurudumu mawili ya mbele. Injini ipo mbele, giaboksi ipo mbele, na nguvu yote huishia hapo hapo. Magurudumu ya nyuma hufuata tu, kama behewa. Subaru Forester huendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, na Impreza na Legacy nyingi vivyo hivyo. Kuna na namna ya tatu, kama Nissan X-Trail za magurudumu manne, ambazo siku zote huvutwa na ya mbele, na ya nyuma huitwa kusaidia pindi ya mbele yanapoteleza. Tena mjue kwamba jina pekee halitoshi: ipo Probox ya magurudumu manne, na ipo X-Trail ya mawili. Ni lazima kuinama na kutazama chini.

Sisi watu wa reli hatuhitaji mwalimu wa jambo hili. Gari la moshi likipanda mlima na reli imelowa umande, magurudumu ya injini huanza kuzunguka mahali pamoja, na dereva hufungua mchanga. Tatizo ni kwamba nguvu ipo lakini mshiko haupo. Zile injini za mvuke za namba 59, aina ya Garratt, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na magurudumu 16 ya kusukuma, ili sehemu kubwa ya uzito wake wa tani 252 itumike kushika reli. Moja yake, Mount Gelai, ingalipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Anayetaka kuhesabu magurudumu aende akahesabu. Basi faida ya motokaa ya magurudumu manne ni hiyo hiyo: uzito wote wa gari hutumika kushika ardhi wakati wa kusukuma.

Lakini hapo pana neno ambalo wauzaji hawalisemi. Kusukuma si kusimama. Breki zipo katika magurudumu manne ya kila motokaa, iwe Vitz, iwe Subaru. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu wakati wa mvua, gari la magurudumu manne halisimami mapema kuliko lile la mawili kama tairi ni sawa na uzito ni sawa. Kinachosimamisha ni tairi na breki. Hata twaogopa kwamba gari lenye kushika vizuri wakati wa kuongeza mwendo humdanganya dereva, akafikiri barabara ni kavu, mpaka atakapokanyaga breki ndipo aujue ukweli.

Pia kuna habari ya kona. Magurudumu yetu ya reli yamepigwa yakashikamana na ekseli moja, yote mawili huzunguka sawasawa, na kwa kuwa yamechongwa kwa mshazari hujisaidia yenyewe kwenye pinda. Pinda ikiwa kali mno, mwasikia kilio. Motokaa haiwezi kuvumilia hivyo. Gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na ndiyo sababu ya difu. Gari la mbele lina difu moja. Gari la magurudumu manne lina ya mbele, lina ya nyuma, na katikati lazima kiwepo kitu cha kuziachilia hizo mbili zipishane. Kitu hicho cha katikati ndicho kinachokula pesa za watu.

Hukila namna gani? Kwa tairi. Mtu apata tundu, anunua tairi moja mpya, zile tatu zimechakaa. Tairi jipya ni nene kidogo, kwa hiyo huzunguka mara chache kuliko wenzake katika kilomita moja. Kwenye gari linalovutwa na ya mbele, hasara si kubwa ukiyatia mapya mawili pamoja. Kwenye Subaru, kitu cha katikati hufanya kazi njia nzima, hata penye lami iliyonyoka, kikipoza tofauti ambayo haikupaswa kuwapo. Hupata joto, mwisho hufa. Basi mwenye gari la magurudumu manne hanunui tairi moja, hununua manne ya namna moja. Je, hao 11 wamelitia hilo katika hesabu? Tulitazama fomu, hatukuliona.

Tena gari hilo likiharibika halivutwi ovyo. Ukiliinua mbele na kuyaacha ya nyuma yazunguke chini, waweza kumaliza giaboksi kabla ya kufika gereji. Yapasa libebwe lote juu ya lori.

Tufanye hesabu ya petroli. Tuseme Probox ya injini 1500 yatumia lita 7 kwa kilomita 100, na Forester ya injini 2000 yatumia lita 9. Kutoka hapa mpaka Naivasha kwenda na kurudi siku za kazi, pamoja na safari ndogo ndogo, tuseme ni kilomita 1,000 kwa mwezi. Tofauti ni lita 20 kila mwezi. Katika miezi 48 ya mkopo ni lita 960, karibu mapipa 5 ya petroli. Si magurudumu peke yake yanayoyanywa hayo yote. Injini kubwa nayo yanywa. Lakini propela, difu ya nyuma na ekseli zake ni chuma, na chuma hicho hubebwa kila siku, hata siku ambayo hakuna tope.

Sasa tuwape haki wale sita. Wanne kati yao wana mashamba upande wa Maiella, na mmoja ana wazee Eburru. Nao wasema, njia ya huko si lami. Ni kweli. Ukipita Kongoni kwenda Ndabibi na Maiella, udongo wetu wa majivu ya volkano wakati wa kiangazi husagika ukawa kama unga, na gurudumu la mbele likianza kuzunguka hujichimbia kaburi. Mvua ikinyesha ni utelezi. Tena kuna jambo la mlima: gari lolote likipanda, uzito hurudi nyuma. Ukiongeza magunia mawili ya viazi kwenye buti ya Probox, magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta, huwa mepesi yakaanza kukwaruza. Zamani Peugeot 504 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mzigo wa nyuma uliizidishia mshiko. Ndiyo maana wazee huisifu mpaka leo. Mwenye gari la mbele akishindwa na mlima mfupi wenye tope hugeuza akapanda kinyumenyume, ili uzito urudi juu ya magurudumu yanayovuta. Watu hucheka, lakini hufika.

Basi mwenye kuishi Maiella na kulala huko kila siku, sisi hatungemkataza gari la magurudumu manne. Lakini gari hili ni la Kamere. Barabara ya Moi South Lake ni lami, na hospitali ya Naivasha ipo kwenye lami hiyo hiyo. Wale wa mashamba tuliwauliza waenda mara ngapi na mzigo, wakasema mara tano au sita kwa mwaka, wakati wa kupanda na kuvuna. Kwa safari sita yafaa kukodi pikapu ya mwenye pikapu, na difu ikivunjika ivunjike yake. Si vizuri watu 11 walipe miezi 48 kwa ajili ya siku sita.

Twajua jambo jingine ambalo halikusemwa mkutanoni, nalo ni Safari Rally. Tangu mashindano hayo yarudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, nayo yakawekwa hapa Naivasha, hakuna kijana wa Kamere asiyetaka Subaru yenye kunguruma. Tumesimama sote kule Hell's Gate kutazama vumbi, wala hatuoni haya. Lakini kumbukeni magari yale hubadilishiwa tairi yanaporudi kwa mafundi, na mafundi wenyewe ni jeshi zima. Hakuna aliyekatwa mshahara kuyalipia. Wala historia ya Safari haiwaungi mkono sana. Mashindano yalianza mwaka 1953, na gari la magurudumu manne halikushinda mpaka mwaka 1987, Audi ya Hannu Mikkola. Kabla ya hapo zilishinda Peugeot, Datsun na nyinginezo za kusukumwa na nyuma, na mwaka 1956 ilishinda DKW, gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya mbele, siku ambazo njia zilikuwa tope tupu. Madereva hao walijua kusoma njia.

Katika uchunguzi wetu tuliona kwamba linalowakwamisha watu hapa mara nyingi si idadi ya magurudumu, ni kimo cha tumbo la gari. Mvua ikichimba mitaro kwenye vichochoro vyetu, gari fupi huketi juu ya tumbo lake, na magurudumu manne hubaki yakizunguka hewani. Kwa hiyo tazameni kimo, tazameni tairi zenye meno mazima, ndipo muulize habari ya propela. Penye vumbi jingi punguzeni upepo kidogo katika tairi, mkitoka mjaze tena.

Na maji, ndugu zetu, maji hayana gari lake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyozuiwa na tuta la reli juu ya Mai Mahiu yalipasua njia yakashuka na mawe na miti, wakafa watu zaidi ya 40. Tuta lile ni la reli yetu, tena sisi tujuao kalvati na kazi yake twapaswa kuwa wa kwanza kugeuza gari tunapoona maji yamevuka barabara. Kina cha kutosha magotini huliinua gari dogo. Likiisha elea, hata magurudumu kumi hayana kazi.

Habari ya kununua. Gari linaloletwa kutoka nje lisiwe limezidi miaka 8. Kama ni la mtu wa hapa, hakikisheni jina lililo katika kitabu cha gari ni la huyo anayewauzia, na lithibitishwe kwa NTSA kabla ya kutoa hata senti. Kisha liendesheni polepole uwanjani, usukani umekatwa mpaka mwisho, mkizunguka duara. Gari la mbele likilia ka-ka-ka-ka, vifundo vya ekseli zake vimekwisha. La magurudumu manne likivutana na kurukaruka kana kwamba mtu amekanyaga breki, kitu cha katikati kimeshikamana. Mwenzetu mmoja alinunua gari kwenye yadi moja, ambayo hatutaitaja, likiwa na alama ya magurudumu manne nyuma. Alipoinama baada ya miezi miwili hakukuta propela. Mwenye gari wa kwanza aliichomoa ili asilipe ukarabati. Alikuwa amelipia magurudumu manne akipata mawili.

Kwa hiyo neno letu watatu ni hili: nunueni gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, lenye kimo, na pesa mtakazobakiza zitengwe, nusu kwa tairi nne mpya, nusu kwa bima na matengenezo, ziwekwe kwa mweka hazina, zisiguswe. Na wale wanne wa Maiella waandikiwe katika mapatano kwamba gharama ya pikapu wakati wa mavuno itatoka katika mfuko wa gari, kwa kuwa nao watakatwa sawa na wengine. Bila hilo hatuoni kwa nini watie kura zao upande huu.

Ipo Probox tuliyoiona Nakuru, nasi tumeomba ituwekwe mpaka Jumamosi. Tutaondoka kwa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Tunataka mmoja wa wale sita aje pamoja nasi, avae ovaroli, alete tochi, aingie chini ya gari mwenyewe.