Uliza Kwanza, Ndipo Utume

Maneno ya mwalimu wa kisomo kwa wahitimu wa Karagwe na Kyerwa, waliokutana jioni mjini Kayanga



Wengine mmetoka mbali, Nkwenda na Murongo. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tukawa wilaya mbili. Lakini sisi bado ni darasa moja.

Mmeniomba niseme juu ya redio na simu. Nani anatulinda? Na sisi wenyewe tujilinde vipi?

Nianze na redio. Zamani wengi wetu tulisikiliza Redio Tanzania kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1973 ilitufundisha usafi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walichimba vyoo kwa sababu ya redio. Siku hizi redio ni nyingi. Hata hapa Karagwe tunayo redio ya jamii, FADECO, inayosema na wakulima. Kila redio nchini lazima iwe na leseni. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Redio ikitangaza uchochezi, mwenyewe anajulikana. Anaitwa, anaulizwa, na anaweza kuadhibiwa.

Kwa nini pawe na ulinzi huo? Wazee wa hapa wanajua. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwetu kwa maelfu. Tuliwaona kwa macho. Kule kwao redio iitwayo RTLM ilikuwa ikichochea watu wawaue jirani zao. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti. Ndugu zangu, maneno yanaua.

Sasa tuje kwenye simu. Simu ni redio ndogo ya mfukoni. Lakini hapa kila mtu ni mtangazaji, na mwingine anajificha.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliuza kahawa yake. Alikuwa na mtoto shuleni Mwanza anayengoja ada. Asubuhi akapata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akadhani ni mtoto. Akatuma shilingi laki mbili. Jioni mtoto akapiga simu: "Mama, mbona ada haijafika?" Yule mama alikaa chini, hakusema neno. Kahawa ya msimu mzima ilikwenda kwa mwizi.

Je, hakujua kusoma? Alijua! Ujumbe aliusoma vizuri kabisa. Kusoma alisoma, kuuliza hakuuliza.

Basi tufanye hivi:

1. Ukiambiwa utume pesa, piga kwanza ile namba ya mtu wako unayoijua. Sikia sauti yake.

2. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita ofisa wa kampuni ya simu.

3. Ujumbe wa kitapeli usiufute tu. Utume kwenda namba 15040. Hiyo ni namba ya kupokea taarifa za utapeli.

4. Bonyeza *106#. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa wenye mtandao huo ikafungwe.

5. Habari ya kutisha usiisambaze kabla hujajua imetoka wapi.

Hilo la mwisho lina sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza habari huku akijua ni ya uongo, ili adanganye watu. Wapo waandishi na wanasheria wanaolalamika kwamba sheria hiyo inabana usemi. Ni haki yao kusema. Sheria nzuri humkamata mwongo, haimzibi mdomo mkulima anayeuliza pesa za kahawa yake zilikokwenda. Kwa hiyo tuijue, tusiiogope tu.

Ndugu wahitimu, tulisoma ili karani asitupunje kwenye mizani. Tulijifunza kuangalia mshale kabla ya kutia sahihi. Simu nayo ina mshale wake. Mshale huo ni swali: Nani ananiambia, na anataka nini kwangu?

Mkirudi nyumbani, mfundisheni mmoja ambaye hakuja hapa.