Kifaranga si Kifuu: Samaki Wachanga kutoka Pwani hadi Malagarasi



Niliposema kwamba mhadhara wa samaki wachanga wa milango ya mito nitautoa Kasulu, mwenzangu mmoja wa idarani aliangua kicheko. Kasulu na bahari, wapi na wapi? Kweli tuko karibu kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na maji yetu hayaendi huko kabisa. Moyowosi huingia Malagarasi, Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na ziwa humwaga kwa Lukuga pale Kalemie, kisha Mto Kongo, hadi Atlantiki. Lakini nyuma ya kicheko kile kuna nadharia, nami nimekuja kuivunja.

Nadharia inasema hivi: samaki wengi wa baharini hutaga nje ya mlango wa mto, vifaranga huelea, na mkondo ukiwabahatisha kuingia kwenye maji ya chumvi pungufu penye mikoko, wamepona. Kifaranga katika hesabu hiyo ni kifuu cha nazi, huenda kinakopelekwa. Na kwa kuwa Kigoma hakuna chumvi ya bahari wala mikoko, basi hatuna la kuchangia.

Mzunguko wa maisha wenyewe nauruka, umo katika kila kitabu cha kiada. Twende kwenye nguvu za kuogelea. Mwaka 1997 Ilona Stobutzki na David Bellwood, wakifanya kazi Australia, waliwatia vifaranga wa samaki wa mwambani katika mfereji wa maji yaendayo sentimita 13.5 kwa sekunde, wakangoja wachoke. Hao ni viumbe wa sentimita chache tu, waliokaribia kumaliza maisha ya kuelea. Kwa wastani waliogelea umbali sawa na kilomita 40 hivi, bila kula. Kifuu gani hicho?

Nakubali kwamba siku za mwanzo, kabla mapezi hayajakomaa, kifaranga hubebwa. Mikondo ina sehemu yake na sitaki kuipunja. Lakini tazameni mikunga wachanga wanaoingia mitoni: maji yakijaa hupanda juu wakasafiri nayo, yakianza kupwa hushuka karibu na sakafu wakajishikiza wasirudishwe baharini. Huo ni utumiaji wa mkondo, na anayeutumia ni samaki.

Niruhusuni sasa nikae kidogo kwenye jiwe la sikio, maana hicho ndicho chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Nunueni sangala sokoni jioni hii, mlipasue fuvu taratibu nyuma ya macho. Mtakuta vijiwe vyeupe vya kalsiamu kaboneti, ambavyo humsaidia samaki kusikia na kujiweka sawa majini. Jiwe hukua tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba matabaka membamba kabisa hujengwa kila siku. Ukilisugua kwa msasa laini mpaka mwanga upenye, ukaliweka chini ya hadubini, unazihesabu siku za samaki kutoka kiini kwenda ukingoni. Zaidi ya hapo, tabaka likishajengwa halivunjwi tena. Alama ya maji na chakula cha siku ile hubaki humo mpaka samaki afe. Sijui shajara nyingine inayotunzwa kwa uaminifu kiasi hicho, zangu zikiwemo.

Ismael Kimirei wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), ambaye Kigoma anaijua vizuri, alichapisha na wenzake mwaka 2013 utafiti uliotumia kaboni ya mawe hayo kwa samaki wa mwambani wa pwani yetu. Wakapata ushahidi kwamba kuna waliolelewa ndani, kwenye mikoko na majani ya bahari, kisha wakahamia mwambani. Wamehama wakiwa wamekomaa mapezi. Hakuna mkondo wa kuusingizia hapo.

Mpinzani atashangilia: si nilisema mikoko! Basi asikilize habari ya Afrika Kusini. Mwaka 2008 Nicola James na wenzake waliwapa vifaranga wa Rhabdosargus holubi uchaguzi wa maji. Waliyapendelea maji ya mlango wa mto kuliko ya bahari, na pia waliyapendelea maji ya mto mtupu. Walichokifuata, kwa maoni yangu, ni dalili za nchi kavu: udongo, majani yaliyooza, harufu ya vilima.

Vilima hivyo sisi tunavyo. Watoto wa sangala hujificha kwenye majani ya ufukweni mwa Tanganyika, wakikua wanakwenda vilindini. Labeobarbus tropidolepis hukulia ziwani, lakini hupanda mitoni kutaga. Babu yangu, mtu mkali asiyependa maswali, alitega migono kwenye vijito vya Moyowosi. Mvua za kwanza zikinyesha, midomo ya migono iliwangoja kambale wakubwa wanaokwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Maji yakianza kupungua, aliigeuza. Fito aliziachanisha ili wadogo wapite. Sikumsikia hata siku moja akisema kambale ameletwa na maji.

Kwa hiyo udongo unaoporomoka kwenye mashamba ya miteremko ya Kasulu ni suala la malezi ya samaki. Tope kidogo humficha kifaranga. Likizidi hufukia majani anamojificha. Andrew Cohen na wenzake walikwisha kuonya kuhusu tope la Tanganyika mwaka 1993.

Kilichobaki ili kuyathibitisha haya kwa samaki wetu ni kazi ya maabara. Tanganyika ina magnesiamu nyingi, na sehemu kubwa ya chumvi zake huletwa na Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Malagarasi ina mchanganyiko wake, na njiani inapita penye chemchemi za chumvi za Uvinza. Samaki aliyepita Ilagala, karibu na mlango wa Malagarasi, akiwa mdogo anapaswa kuibeba tofauti hiyo kwenye jiwe lake. Mwanafunzi atakayeniletea vichwa vya samaki wa mlango ule, wakubwa kwa wadogo, kila mfuko umeandikwa tarehe na mahali walipovuliwa, nitamsimamia shahada yake.