HEWA ISIYOONEKANA NDANI YA BOILA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi wa karakana tumeombwa tuseme habari ya asidi. Kila mtu ajua kwamba asidi huunguza ngozi. Lakini iko hatari nyingine, haiunguzi wala haionekani, nayo ndiyo tuliyokuja kuisema.

Tuanze jikoni. Mwageni siki kidogo juu ya magadi. Papo hapo yatatoka mapovu. Kamulieni ndimu juu ya ganda la yai, mtaona vivyo hivyo, ila polepole. Magadi, ganda la yai, mawe ya chokaa na matumbawe ya Pwani ni vya ukoo mmoja, jina lake kaboneti. Asidi ikikutana na kaboneti, hupatikana vitu vitatu: chumvi, maji, na hewa iitwayo kabonidayoksaidi. Ndiyo hewa ile ile iliyomo katika soda tunayokunywa.

Watu wa reli si wageni wa jambo hili. Njia ya kutoka Konza mpaka Magadi ilijengwa ili kuchukua magadi ya ziwa lile. Tena asidi ya betri ikimwagika sakafuni, hunyunyiziwa magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe, ndipo tujue kwamba ukali wake umevunjika. Lakini ikimpata mtu mwilini, ni maji safi mengi, si magadi.

Sasa boila. Maji yenye chokaa yakichemshwa siku nyingi huacha ukoko mweupe. Wazee wetu wa injini za mvuke waliujua sana ukoko huo, maana huzuia moto usifikie maji, na chuma kikapata joto kupita kiasi. Injini zile zimekwisha kazi, lakini maboila ya viwanda yapo, na ukoko huondolewa kwa asidi.

Hesabu yake ni hii. Kilo 1 ya ukoko wa chokaa hutoa gramu 440 za hewa, kadiri ya lita 240, yaani madebe 12 ya lita 20. Kilo 10 ni madebe 120! Nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, basi hutuama chini kama maji kisimani. Ikifika sehemu 5 katika 100, mtu hutweta na kichwa humuuma. Ikifika 10 katika 100, aweza kuzimia kwa dakika chache. Ikizidi, hufa.

Wengine husema, "Teremsha taa, isipozimika, ingia." Ndugu, msifanye hivyo. Taa yaweza kuwaka bado na hali mtu amekwisha kudhurika. Tena asidi ikila chuma hutoa hewa nyingine, hidrojeni, nayo ikiona moto hulipuka. Hewa hupimwa kwa kipimo chake, si kwa kiberiti.

Na mwenzako akianguka ndani, usimrukie mikono mitupu. Hapo ndipo huzikwa watu wawili badala ya mmoja.

Haya si maombi ya hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka anayeingia katika tangi au shimo lenye hewa ya hatari awe na kifaa cha kupumulia, na mshipi wenye kamba, na mtu wa nje aishike kamba hiyo. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa apeleke habari mara moja, wala asilazimishwe kurudi mahali pale kabla hatari haijaondolewa.

Basi msimamizi akisema, "Ingia upesi, kazi ni ya dakika tano," mwulizeni kwa adabu: Hewa imepimwa na nani? Kamba iko wapi? Nani ataishika? Akikosa jibu, mwiteni mjumbe wa chama kabla mtu hajaingia. Kumwita baadaye ni kumwita mazishini.