Miti Mifupi ya Majani Mabichi Katika Bustani ya Nyumbani



Kando ya barabara nyingi za Nairobi, na vivyo hivyo huko Limuru na Nakuru, wauzaji wa miche hupanga bidhaa yao katika mifuko ya plastiki na makopo. Miongoni mwa miche hiyo haikosekani michache ya mberoshi, yaani ule mti ambao wengi huuita saipresi. Mche huo hupendeza sana kutazama. Kimo chake ni cha magoti, umechongoka kama mnara, na majani yake hayapukutiki hata wakati wa kiangazi. Mpita njia huuliza kama utabaki vivyo hivyo, naye muuzaji hujibu kwamba bila shaka, huo ni mti wa bustani. Basi mnunuzi huupeleka nyumbani na kuupanda hatua mbili kutoka ukutani. Haipiti miaka mingi mti umefika kwenye paa, mizizi yake imekunywa maji yote ya sukuma wiki, na mwenye nyumba anatafuta mtu mwenye shoka.

Pengine muuzaji hakudanganya kwa kusudi, lakini mche mdogo na mti mfupi ni vitu viwili mbalimbali. Mberoshi unaopandwa zaidi katika milima ya Kenya asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, nao ukiachwa huweza kufika futi 100. Wanaoupanda kwa ajili ya mbao wanalijua hilo, na ndiyo sababu wanaupenda.

Mti mfupi wa kweli ni ule uliozaliwa mfupi. Mara nyingine katika maelfu ya miche hutokea mmoja uliodumaa, usio na ugonjwa wowote ila hauna haraka ya kukua. Mara nyingine, juu ya tawi la mti mkubwa, huota fundo la vitawi vilivyosongamana kama kiota cha ndege, na mtunza bustani mwenye macho makali hukata kitawi hapo na kukiotesha. Mwaka wa 1904 wataalamu wawili wa bustani ya miti ya Arnold iliyoko Boston, Alfred Rehder na John Jack, walikuwa wakingoja gari la moshi lililochelewa karibu na Lake Louise, katika nchi ya Kanada. Badala ya kuketi na kunung'unika walitembea kuangalia miti, wakaona miche ya sprusi iliyokuwa mifupi ajabu na yenye umbo la pia iliyopinduliwa. Waliichukua. Sprusi mama hufika futi 80, lakini watoto wa miche ile huongeza inchi chache tu kwa mwaka, na leo hupandwa katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani. Hata hivyo huo ni mti wa nchi ya theluji, na mtu wa Kisumu au Mombasa asiutamani.

Chama cha Marekani cha wapenzi wa miti hii kimeweka kipimo chake: mti huitwa mfupi ukikua inchi 1 hadi 6 kwa mwaka, hata ukitimiza miaka kumi uwe na kimo cha futi 1 hadi 6. Angalieni kwamba kipimo hiki hakisemi mti utakoma kukua. Tena hutumiwa katika nchi ambazo miti hulala miezi yote ya baridi. Mahali penye mvua mbili na jua la kutosha, mwenye bustani aache nafasi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Jambo la pili ni mbegu. Mbegu ya mti mfupi kwa kawaida haizai mti mfupi, bali hurudia asili ya ukoo. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si kimo cha mche, bali kama umetokana na mbegu au na kitawi, na mama yake yuko wapi aonekane. Anayetaka kuotesha mwenyewe akate kitawi cha inchi 3 au 4, aondoe majani ya chini, akichomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini, kisha asubiri miezi kadhaa bila kuking'oa kila wiki kutazama mizizi.

Mwenye mberoshi wa kawaida naye anaweza kuufanya mfupi kwa mkasi, na hapa ndipo wengi huharibu. Miti ya jamii hii si kama mbuni wa kahawa unaokatwa shinani ukachipua upya. Mberoshi hauchipui kutoka kwenye mti mkavu wa ndani, palipokwisha majani. Anayeacha ua wake miaka mitatu, kisha akaushambulia kwa panga, huacha mashimo ya kahawia yasiyofunikwa tena. Ukataji uanze mche ukiwa na futi moja, ukarudiwa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara ziondolewe ncha mbichi tu. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifikie majani ya chini. Kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, mche uinuliwe juu ya tuta, kwa maana mizizi iliyokaa majini huoza. (Watu wa pwani huchonga mvinje kuwa ua, nao huwa mzuri, ingawa si wa jamii hii hata kidogo.)

Yuko pia adui. Vidukari wa mberoshi walionekana Malawi mwaka wa 1986, na kufika Kenya mwaka wa 1990. Wakanyonya utomvu hata nyua nzima zikawa nyekundu kama zilizopitiwa na moto, na hata mtarakwa, mti wa asili wa milima hii, haukusalimika. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo atagaye mayai ndani ya kidukari, naye amesaidia, lakini vidukari hawakwisha. Hupenda kujificha ndani, kwenye vitawi, na hushambulia zaidi wakati wa ukavu. Dalili ya kwanza ni msururu wa sisimizi wanaopanda kulamba utamu wao, na majani yanayonata. Mwenye bustani afunue matawi kwa mikono kila juma wakati wa kiangazi. Akiwaona mapema, maji ya sabuni yaliyonyunyizwa ndani barabara huwaua. Kwa kichaka cha kimo cha kiuno kazi hiyo ni ya nusu saa, lakini kwa mti uliofika juu ya paa hakuna ngazi itakayotosha.